Ndege za zamani ziliongeaje na watu wa chini? (na ile iliyoishia Tabora 1920)

Isevya_Boy
Wakuu habari za jioni. Juzi tupo kijiweni hapa Isevya ndege ya Air Tanzania inashuka uwanjani, mzee mmoja akadakia kwamba zamani hizo, Mwingereza ndo kwanza kaingia, kuna dege kubwa lilitoka Ulaya kwenda Afrika Kusini likaishia hapa hapa Tabora. Tukacheka sana, tukajua mzee anatupiga kamba. Usiku nikaperuzi nakuta ni kweli kabisa. Ilikuwa Vickers Vimy Commercial, iliondoka Brooklands Uingereza tarehe 24 Januari 1920, marubani Cockerell na Broome, ndani yupo Dk Chalmers Mitchell mtaalamu wa wanyama anaandikia gazeti la The Times. Tarehe 27 Februari ikavunjika hapa Tabora, safari ikafia hapo.

Sasa swali langu. Leo rubani anaongea na mnara tangu anawasha injini mpaka anazima. Hawa wa 1920 huko juu ya misitu ya miombo walikuwa wanaongea na nani? Redio za ndege zilianza lini na zilikuwaje, na ugumu ulikuwa nini hasa? Mwenye nondo atupie, lugha nyepesi tu, mimi nauza kava na chaja za simu sio injinia.

Kanyenye_Mjini
Walikuwa wanachungulia dirishani wanauliza njia 😂😂 "samahani mama, Cape Town wapi?"

mtata_wa_cheyo
Swali rahisi mbona. Redio ilikuwepo kabla ya ndege, Marconi kavusha mawimbi Atlantiki 1901, ndege imeruka 1903. Kwahiyo ndege zilikuwa na redio tangu mwanzo, mzungu hawezi kuruka bila kitu muhimu kama hicho.

FundiRedio_Ujiji
Mtata umechanganya madesa hapo. Miaka uliyotaja ni sahihi ila hivyo vitu viwili vilikuwa havijakutana. Mtambo wa Marconi ulikuwa wa kukaa kwenye jengo na milingoti mirefu, utaupakiaje kwenye kidege cha mbao na kitambaa ambacho kumbeba rubani peke yake ni shughuli? Ujumbe wa kwanza wa redio kutoka kwenye ndege iliyo hewani ulitumwa tarehe 27 Agosti 1910, Sheepshead Bay pale New York, jamaa Mkanada anaitwa James McCurdy yuko kwenye ndege ya Curtiss, swichi ya kugongea Morse (alama za nukta na mistari) wameifunga kwenye usukani. Miaka saba baada ya akina Wright kurusha ile ndege ya 1903. Na alituma tu, hakupokea kitu.

Mtambo wenyewe sasa. Usifikirie transista, hata valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) hakuna, ni cheche tupu. Unachaji kapasita kwa volti nyingi mpaka umeme unaruka kwenye upenyo, ile cheche inatikisa koili na antena, hayo ndo mawimbi. Ukibonyeza kidogo ni nukta, ukibonyeza muda mrefu ni mstari. Na hiyo cheche unaichezea kwenye ndege ya kitambaa kilichopakwa dopu, aina ya vanishi inayowaka haraka sana, tangi la petroli liko jirani na goti lako. Mimi cheche ikiruka mezani kwangu tu nakimbia stuli.

Antena nayo ilikuwa kituko. Mawimbi waliyotumia yalikuwa marefu, urefu wa mamia ya mita, kwahiyo kijiti kifupi cha sasa hivi kisingefanya lolote. Wakawa wanafungua waya kutoka kwenye gurudumu unaning'inia chini ya ndege mita 30 na zaidi, mwishoni umefungwa kipande cha madini ya risasi kiuvute, yani sisi watu wa ziwani tungeuita mshipi wa kuvulia tu basi. Ukitaka kutua lazima uukunje kwanza, ukisahau unaenda kufyeka paa za watu. Na waya ukiwa nje huwezi kupinduapindua ndege, kwahiyo akitokea adui uamuzi ni wa haraka, unakunja au unakata. Halafu uzito: mitambo ya mwanzo ya jeshi la Waingereza ilizidi kilo 30. Baadaye wakapata mtambo wa Sterling chini ya kilo 10 ndo ikawa nafuu.

Ila Isevya_Boy umeuliza ugumu ulikuwa nini hasa, na hapa ndo watu wengi hawafiki. Kutuma ilikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa KUSIKIA. Injini ya petroli yenyewe ni mtambo wa cheche, kila plagi ikiwaka inarusha mawimbi kila upande. Jaribu mwenyewe, washa redio yako AM kwenye stesheni hafifu af mwambie jamaa aiwashe pikipiki yenye plagi mbovu karibu yako, utasikia trrrrr. Sasa ile Vimy iliyokuja Tabora ilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce Eagle, silinda 12 kila moja. Hesabu hizo plagi zinawaka mara ngapi kwa sekunde, halafu wewe umevaa hedfoni unatafuta mlio mdogo wa Morse kutoka kilomita mia huko, upepo unapiga usoni, chumba kiko wazi, mbao zote zinatetemeka.

Na hapo kuna stori naipenda kuliko zote. 1918 Edwin Armstrong, ofisa wa jeshi la Marekani yupo Paris, akawaza kwamba kama plagi za ndege za Mjerumani zinarusha mawimbi basi tuyanase hayo hayo tujue ndege inakuja. Tatizo mawimbi ya plagi yana frikwensi kubwa mno, valvu za wakati ule haziwezi kuyakuza. Akaja na ujanja wa kuyachanganya na mawimbi mengine yanayotengenezwa ndani ya redio yenyewe, yatoke ya frikwensi ya chini, hayo ndo unakuza kwa raha zako. Vita ikaisha kabla hajainasa ndege yoyote, ila ule ujanja ndo superheterodaini. Kila redio ya mkulima inayokuja kwangu hapa Ujiji nikiifungua nakuta zile koili za IF (ndo hiyo frikwensi ya chini) zenye kofia ya bati, kilohezi 455, ni kazi ya yule bwana aliyekuwa anasikilizia plagi za ndege.

Dawa ya makelele ilikuja kuwa kufunika. Waya za plagi zikavishwa soksi ya chuma, magneto inayozalisha umeme wa plagi ikafunikwa, vyuma vyote vya ndege vikaunganishwa pamoja visichezeshane umeme. Kazi ya kuchosha isiyo na sifa yoyote, ila bila hiyo redio ya ndege ingebaki mdomo bila sikio.

Isevya_Boy
Aisee fundi umetisha. Kwahiyo vita ya kwanza ndege zilikuwa zinatuma tu hazisikii? Na huku kwetu vita ilipiganwa, zilikuja ndege na redio?

Mwalimu_Gungu
Niongezee hapo kwenye vita maana historia ndo ugali wangu.

Ulaya ndiyo, kwa muda mrefu ndege ilituma tu. Kazi kubwa ilikuwa kuelekeza mizinga. Ndege inazunguka juu ya shabaha, bomu likianguka inawaambia wapigaji limekosa upande gani na kwa umbali gani. Waingereza walitumia uso wa saa: shabaha iko katikati, namba 12 ni kaskazini, halafu kuna duara kadhaa kila moja na herufi yake, A ni yadi 50, B yadi 100, C yadi 200 na kuendelea. Kwahiyo ukigonga "B3" kwa Morse maana yake limeanguka yadi 100 mashariki ya shabaha. Herufi moja na namba moja, imeisha hiyo. Na wa chini wakitaka kumjibu rubani? Wanatandaza vitambaa vyeupe ardhini kwa maumbo waliyokubaliana, rubani anasoma kwa macho. Shida nyingine ni kwamba cheche haina adabu, inasambaa kwenye frikwensi nyingi kwa mpigo, ndege zikiwa karibu karibu zinafunikana hakuna anayesikika.

Sauti yenyewe ya mtu ilikuja na valvu. Charles Prince wa kampuni ya Marconi alikuwa akifanya majaribio Brooklands 1915, uwanja ule ule ilipokuja kuondokea Vimy ya kwenu.

Huku kwetu sasa. Kigoma mwaka 1916 Wabelgiji walikuwa na ndege za maji aina ya Short ng'ambo ya ziwa, zikawa zinavuka kuja kupiga mabomu bandarini ilipokuwa meli ya Mjerumani Graf von Götzen, hii hii Liemba. Redio zilizoleta vurugu huku zilikuwa za ardhini. Mjerumani alikuwa na mitambo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba, na Waingereza waliiwinda sana, Agosti 1914 manowari Astraea ikapiga mizinga Dar kwa sababu ya ule mnara, Juni 1915 wakavamia Bukoba wakaulipua wa kule.

Ila chombo cha angani chenye redio kiliwahi kuanza safari ya kuja huku, na hii wengi hawaijui. Novemba 1917 Wajerumani walituma puto kubwa la Zeppelin, L59, urefu mita 226, kutoka Jamboli Bulgaria limletee Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, dawa na risasi, tani kama 15 hivi. Likifika halirudi, ngozi yake ishonwe mahema. Nahodha Bockholt. Sasa angalia mambo ya redio yalivyocheza. Wakuu wao kule Ujerumani wakaghairi mapema, wakatuma ujumbe wa kuwarudisha, lakini L59 ilikuwa kwenye radi nyingi maeneo ya Krete na walikuwa wamekunja antena zote kuogopa umeme, ujumbe ukapita hewani hivi hivi. Wakaendelea zao mpaka jangwani. Huko injini ya mbele ikafa, na hiyo ndo ilikuwa inazungusha jenereta ya redio, kwahiyo wakabaki wanaweza kupokea ila hawawezi kutuma. Tarehe 23 Novemba wapo Sudan magharibi ya Khartoum, ujumbe wa kurudi ukawafikia. Hawana hata uwezo wa kujibu "mna uhakika?" Wakageuza. Saa 95 hewani, kilomita 6,757, hawajatua popote. Wengine hudai Waingereza ndo waliutunga ule ujumbe, lakini ulitoka mitambo ya Nauen Ujerumani kwenyewe.

Kanyenye_Mjini
Yani wamerudishwa na meseji na hawana salio la kujibu 😂 hii nchi ina historia jamani

mtata_wa_cheyo
Sawa fundi na mwalimu nimewaelewa, ila swali la msingi bado. Vimy ya 1920 vita imeisha, valvu zipo, sauti ipo. Wangebeba redio wasingepata ajali.

Mzee_wa_Mita_Bendi
Vijana hamjambo. Nimestaafu lakini nilikaa kwenye hizi kazi za mawasiliano ya anga miaka mingi, nimesoma uzi wote nikaona niandike kidogo, mtanivumilia naandikia simu ndogo.

Wewe mtata, hebu fikiri. Redio ungeibeba Tabora 1920 ukaongea na nani? Uwanja wenyewe ni pori limefyekwa. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Februari jua kali, hewa nyepesi, ndege nzito haitaki kunyanyuka, hapo kila kilo unaihesabu. Wenzao wa ndege ya Silver Queen, marubani wa Afrika Kusini van Ryneveld na Brand, waliondoka siku chache nyuma yao, ndege ya kwanza ikavunjika Korosko kule Misri, ya pili ikapita huku kwetu salama ikaenda kuvunjika Bulawayo tarehe 6 Machi ikijaribu kuruka, wakapewa ya tatu ndo wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Redio haipunguzi joto.

Faida ya redio kwa ndege haikuwa maongezi. Ilikuwa kujua UKO WAPI. Maongezi ni ziada.

Njia ya kwanza ilikuwa wa chini kumtafuta wa juu. Croydon pale London walikuwa na mnara tangu 1920, rubani akipotea kwenye ukungu anaita, anaendelea kugonga, stesheni tatu, Croydon, Lympne na Pulham, kila moja inapima sauti inatokea upande gani, wanachora mistari kwenye ramani, inapokutana ndo ulipo, wanakuambia. Inafanya kazi vizuri ila ni mmoja mmoja, mkiwa wengi mnapanga foleni hewani huku mafuta yanaisha.

Wamarekani mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaja na kitu cha kusikiliza tu. Stesheni ya ardhini inarusha herufi A upande huu na herufi N upande ule. A kwa Morse ni nukta mstari, N ni mstari nukta. Zimepangwa kwa muda ili moja ijaze nafasi ya mwenzake. Ukiwa katikati kabisa ya njia unasikia mlio mmoja mrefu usiokatika. Ukihama kidogo kushoto A inaanza kujitokeza, ukihama kulia ni N au kinyume chake kutegemea unatoka wapi. Ukipita juu ya stesheni yenyewe kimya kinaingia ghafla, unajua umefika. Njia nne tu kwa kila stesheni. Rubani anakaa na mlio huo masikioni saa nzima na zaidi, na radi zikiwepo unasikia mikwaruzo tupu. Nyie wa Kigoma mnajua, mawingu yakianza kujikusanya upande wa Kongo redio ya AM inakuwa haisikilizeki, na Kongo mashariki ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani. Sasa weka maisha ya abiria kwenye mlio huo.

Ndo maana jambo kubwa lililofuata likawa kuhamisha habari kutoka sikioni kwenda jichoni. Tarehe 24 Septemba 1929 Mitchel Field New York, rubani wa jeshi la Marekani Jimmy Doolittle alifunikwa kwenye chumba chake haoni nje kabisa, akaruka, akazunguka, akatua, dakika kama 15. Kiti cha mbele alikaa luteni Ben Kelsey tayari kuokoa mambo yakiharibika, hakulazimika. Mbele yake Doolittle alikuwa na upeo wa bandia wa Sperry unaoendeshwa na jairo (gurudumu linalozunguka kasi), altimita ya Kollsman iliyokuwa sahihi kuliko zote za wakati ule, na redio ambayo badala ya mlio ilitikisa vijiti viwili vidogo, vikitikisika sawa uko njiani, kimoja kikizidi umehama. Kila kimoja peke yake kisingetosha. Redio inakuambia njia, haikuambii kama bawa limelala. Jairo inakuambia bawa, haikuambii njia. Altimita inakuambia kimo tu. Siku ile ndo vikakaa kwenye dashibodi moja vikafanya kazi moja, na mimi kwangu vifaa vya ndege mnavyoviona leo vimeanzia hapo, McCurdy nampa heshima yake ila hapana.

Na kuwa na redio nzuri hakutoshi. Rubani Mmarekani Amelia Earhart tarehe 2 Julai 1937 anatafuta kisiwa cha Howland katikati ya Pasifiki, meli Itasca imekaa pale kumsubiri. Wanamsikia kwa nguvu kabisa kwenye kilohezi 3105, wanamwita yeye hasikii. Akawaomba watume kwenye 7500 apime uelekeo, akasikia mlio, lakini kifaa chake cha kupimia kikashindwa kuonyesha unatokea upande gani. Ujumbe wa mwisho unasema yuko kwenye mstari wa uelekeo wa nyuzi 157 na 337. Redio zilikuwepo pande zote mbili, kilichokosekana ni makubaliano ya frikwensi gani inafaa kwa kazi gani kabla hajaruka. Mimi kazini nimeona vijana wanasifia mtambo mpya, ukiwauliza karatasi ya frikwensi iko wapi wanaangaliana.

Kanyenye_Mjini
Mzee shikamoo. Ila Earhart si wanasema alitekwa na Wajapani?

Mzee_wa_Mita_Bendi
Marahaba. Wanasema mengi. Mimi nakwenda na daftari la redio la Itasca.

Isevya_Boy
Mzee shikamoo, fundi na mwalimu asanteni sana, nimeprintisha kabisa nakwenda nayo kijiweni kesho. La mwisho jamani: leo radi bado inasumbua? Na mimi nikiwa na redio yangu hapa naweza kuwasikia marubani wakiongea?

FundiRedio_Ujiji
Radi waliikimbia kwa kupanda frikwensi. Ndege za kivita za Waingereza zilianza kuhamia VHF (frikwensi za juu sana) mwaka 1940, huko juu mikwaruzo ya radi ni midogo na antena inakuwa fupi, waya wa kuning'inia ukastaafu. Hasara yake VHF inakwenda kwa kuonana, mlima ukikaa katikati au ndege ikiwa chini sana hamsikiani. Ndege ikiwa kimo cha mita 10,000 unaifikia kilomita kama 400, ikizidi hapo, juu ya bahari au misitu mikubwa, bado wanarudi HF (frikwensi za chini ya hizo) na makelele yake.

Kuwasikia kwa redio ya kawaida hapana. FM yako inaishia megahezi 108. Kuanzia 108 mpaka 118 ni vifaa vya kuonyesha njia, wajukuu wa zile A na N za mzee. Maongezi ni 118 mpaka 137, na wanatumia AM mpaka leo sio FM. Kuna sababu nzuri tu: kwenye FM wakiongea wawili kwa pamoja mwenye nguvu anamfunika mwenzake kimya kimya, mnara haujui kama kuna mwingine alikuwa anaita. Kwenye AM wakigongana unasikia mluzi mbaya, kwahiyo mwenye mnara anajua kuna mtu wa pili, anamwambia rudia.

Risiva za bendi ya ndege zinauzwa, ila kabla hujaagiza waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza utaratibu wake ukoje.